Tundu la Kumi na Moja

Tarehe 2 Machi

Sajini ametuamuru kila mmoja wetu awe na daftari. Kila zoezi tuandike alama, hali ya hewa na sababu ya makosa. Sajini ni kocha wa klabu yetu ya shabaha. Alistaafu jeshini miaka mingi iliyopita, lakini sauti yake bado haijapewa taarifa.

Haya basi. Alama: 151 kati ya 200. Hali ya hewa: mvua. Sababu ya makosa: mvua.

Binti yangu alisoma mstari huo begani kwangu, akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alipata 188. Ana miaka kumi na tisa, na tangu akiwa mdogo tunamwita Kinyonga kwa jinsi anavyochukua muda wake katika kila jambo. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na hata leo ukimpa chai ya moto ataisubiri mpaka ikubali yenyewe kupoa. Upole huohuo ndio unaomfanya avute kifyatulio cha bastola bila mwenyewe kujua risasi itatoka saa ngapi. Mimi najua yangu inatoka saa ngapi. Inatoka pale ninapofumba macho.

Tarehe 5 Machi

Mvua. Sikwenda uwanjani. Nimebadilisha balbu ya meza ninapokatia lenzi dukani, nimeweka yenye mwanga mkali zaidi. Balbu za siku hizi hazina nguvu.

Tarehe 9 Machi

Leo Sajini ametangaza. Mvua zikikaribia kwisha, tarehe 25 Mei, kutakuwa na mashindano ya jozi, na klabu yetu inapeleka jozi moja tu. Kinyonga ameshachaguliwa, hilo halina mjadala. Mwenzake atakuwa mimi au mwanachama mwenzetu, daktari wa meno, yule atakayepata alama nyingi kwenye mchujo wa tarehe 4 Mei. Daktari wa meno hupata 170 hata akiwa na mafua.

Nitasema ukweli humu kwa kuwa daftari halina mdomo. Sina haja ya kombe. Mwezi wa sita Kinyonga anaondoka kwenda chuoni, mbali, miaka minne, kusomea upimaji wa ardhi. Nilimpeleka uwanjani alipokuwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu nyumbani tulikuwa tumeishiwa maneno; kila nikimuuliza jambo ananijibu "ndiyo" au "hapana", kisha mlango unafungwa. Uwanjani tulianza na "sogeza mguu" na "usibane pumzi muda mrefu", na mengine yakafuata yenyewe. Nataka kusimama naye kwenye mashindano mara moja kabla hajaondoka. Ni hilo tu. Nafasi hiyo ikienda kwa daktari wa meno, nitanuna mpaka mwakani, na wateja wangu watanivumilia.

Tarehe 12 Machi

Mke wangu anauita mchezo wetu kutoboa karatasi. Yeye ni mkutubi, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake imekuwa kunyamazisha watu, kwa hiyo simlaumu. Bastola hazitoki klabu, zinakaa kwenye kabati la chuma na ufunguo anao Sajini. Kwa hiyo nyumbani nafanya mazoezi na pasi. Nasimama ubavu, nanyoosha mkono, naishika pasi baridi usawa wa jicho dakika mbili bila kutetemeka.

"Ukimaliza kuwalenga adui zako, Baba Kinyonga," akasema, "mashati yako yanakungoja hapo."

Nikapiga pasi mashati sita. Mkono ulikuwa umeshapata joto.

Tarehe 16 Machi

Leo nimeaibika, na nimefurahi kuaibika.

Kinyonga alimwambia Sajini kwamba anataka kunipima. Akachukua magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akanipa mgongo, akachanganya risasi za kweli na bandia, zile za shaba tupu zisizo na baruti. Akaipachika magazini, akaniwekea bastola mezani, mdomo ukiwa umeelekea mbele. "Piga tano, baba. Usiniulize zipi ni zipi."

Ya kwanza ililia. Ya pili haikulia, ikatoa mlio wa chuma tu, tik. Lakini mdomo wa bastola uliruka chini kama mtu aliyeamshwa na maji ya baridi. Hapakuwa na risasi, hapakuwa na kishindo, na mimi nilishashtuka tayari. Ya tatu, tik, chini tena. Daktari wa meno alikuwa kibanda cha pili, akageukia ukuta kwa adabu ili nisimwone akicheka.

"Unaona?" akasema Kinyonga. "Bastola haina kosa. Mvua haina kosa. Wewe unaipiga ngumi kabla haijalia."

"Nani amekufundisha kunisema hivi?"

"Wewe. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa mkali kuliko hivi."

Tumefanya zoezi hilo saa nzima. Yeye anajaza, mimi navuta. Nimeanza kuelewa kwamba kazi yangu ni kuvuta polepole na kutokujua. Si kazi rahisi kwa mwanamume aliyezoea kujua kila kitu nyumbani kwake.

Tarehe 17 Machi

Mvua. Pasi dakika mbili na nusu.

Tarehe 23 Machi

Alama: 158. Mvua.

Tarehe 30 Machi

Alama: 163! Risasi bandia nne kati ya tano sikutikisika. Kinyonga alinipigia saluti, Sajini akamkemea kwa kuipiga vibaya.

Tarehe 3 Aprili

Dukani kwangu kwa miwani alikuja dereva mmoja wa lori. Mwaka jana nilimlazimisha kuchukua miwani, akaisahau kwenye kiti cha gari na kuikalia. Nikamtengenezea nyingine, nayo akaikalia. Leo amekuja mwenyewe, amevua kofia, anasema, "Fundi, nadhani sasa nipo tayari kuona." Tulipobaki peke yetu nikamwambia Kinyonga, ambaye hunisaidia dukani siku asizokuwa na shughuli, kanuni yangu ya kazi: mteja asiyeyakubali macho yake usimvalishe miwani, ataikalia tu. Msubiri. Siku akijileta mwenyewe, ataivaa mpaka kaburini.

Kinyonga akaniangalia kwa muda mrefu. "Msubiri," akarudia.

"Ndiyo. Subira ni nusu ya fani hii."

"Sawa, baba."

Tarehe 6 Aprili

Alama: 164. Mvua.

Tarehe 10 Aprili

Alama: 162. Mvua. Kibanda kina giza. Nimemwomba Sajini aongeze taa, akasema wenzangu mbona wanaona.

Tarehe 13 Aprili

Alama: 164. Sijui tena la kuandika kwenye sababu. Sishtuki. Mkono umetulia, daktari wa meno mwenyewe ameniambia angependa wagonjwa wake watulie hivyo. Lakini matundu yangu yametawanyika juu, chini, kushoto na kulia, hayana hata msimamo wa kukosea upande mmoja.

Sajini anasimama nyuma yangu anabweka. Kwenye bastola kuna kijino kidogo mdomoni na pengo nyuma, karibu na mkono. Unakiweka kijino katikati ya pengo, kisha unavipeleka vyote chini ya duara jeusi. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu sawasawa kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima lichague. "Jicho kwenye kijino!" anapiga kelele. "Karatasi haiendi popote! Iache iwe ukungu!" Nami namjibu ndiyo Sajini, ndiyo Sajini. Hata hivyo duara jeusi naliona safi kabisa, kingo zake zote. Kijino ndicho kinachopepea kidogo, labda kwa sababu ya unyevu.

Tarehe 14 Aprili

Mke wangu amelifungua daftari hili bila ruhusa na hakulisoma. Alichosema ni hiki: "Machi uliandika kama mtu. Sasa unaandika herufi kubwa kama tangazo la mnada." Nikamwambia kalamu imebadilika. Akaiangalia kalamu. Ni ileile.

Tarehe 17 Aprili

Alama: 161. Daktari wa meno: 172. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kinyonga alitembea nami chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika mlangoni akaukung'uta mwavuli, akasema, "Bado siku kumi na saba, baba." Sauti yake ilikuwa ya huruma, na huruma ya mtoto wako ni kitu kigumu kumeza.

Tarehe 20 Aprili

Naandika haya dukani, mlango nimeufunga kabla ya saa.

Asubuhi alikuja mshonaji, mama mmoja wa makamo, mkali wa macho na ulimi. Aliketi kwenye kiti cha kupimia akiwa amekunja mikono. "Fundi, mimi si mgonjwa. Saa ile ya ukutani naiona mpaka mshale wa sekunde. Ila sindano za siku hizi zimezibwa matundu."

Nikacheka. Nikamwambia maneno ninayowaambia watu kila wiki, nayajua kwa moyo: "Mama, ukishapita miaka arobaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu. Si ugonjwa, ni ukubwa. Ya mbali unaendelea kuyaona vizuri. Yaliyo karibu, hadi mwisho wa mkono wako hivi…" Nikanyoosha mkono wangu kumwonyesha, na kidole gumba nimekisimamisha juu. "…hayo ndiyo yanayoanza kupepea."

Nikakitazama kidole changu. Nyuma yake ubao wa herufi ulikuwa safi, hata mstari wa mwisho nausoma. Kidole kilikuwa na kingo mbili.

Mshonaji aliniuliza kama nimeishiwa maneno au nimepatwa na kiharusi.

Kwa miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikiwavalisha watu miwani. Nimemvalisha mke wangu, nimemvalisha Sajini, nimemvalisha hata daktari wa meno, ambaye ananishinda kwa lenzi nilizomkatia kwa mikono yangu. Na mimi nimenunua balbu. Nimelaumu mvua, taa, kalamu na unyevu. Ningekuwa mteja wangu mwenyewe, ningenicheka mpaka jioni.

Mshonaji nimemhudumia vizuri. Alipotunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, alisema, "Kumbe hayakuzibwa." Nilijua hasa anavyojisikia.

Tarehe 21 Aprili

Asubuhi nilikaa kwenye kile kiti. Nikamwita Kinyonga. "Nipime."

Hakuuliza kwa nini. Wala hakupima. Alifungua droo ya chini, ile ya fremu za zamani, akatoa kasha dogo, akaniwekea kiganjani. Ndani mlikuwa na miwani ya kulengea. Lenzi ya kushoto ameipaka ukungu mweupe ili jicho hilo lisiingilie, ya kulia nguvu yake ni jumlisha robo tatu. Si namba ya kusomea. Ni ya umbali wa mkono ulionyooshwa, basi.

"Uliitengeneza lini?"

"Machi. Ile siku uliyobadilisha balbu."

"Mwezi na nusu! Umeniacha natawanya risasi kama mbegu mwezi na nusu!"

"Ulisema mwenyewe, mteja asiyeyakubali macho yake usimvalishe." Akatabasamu lile tabasamu lake la polepole. "Ungeikalia, baba."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nimekata lenzi maelfu kwa ajili ya watu, na hakuna hata siku moja mtu aliyenikatia mimi. Nilimkumbatia, nikamwambia kingo hajazisugua vizuri. Kweli hajazisugua vizuri. Nimeziacha hivyohivyo.

Tarehe 24 Aprili

Alama: 155. Wallahi.

Kijino sasa nakiona safi mpaka mikwaruzo yake. Lakini duara jeusi limegeuka doa la wino kwenye karatasi iliyolowa, na kila ninapovuta, moyo unaniambia unapiga nini na wewe huoni? Nachungulia juu ya miwani kutafuta karatasi, na papo hapo risasi inakwenda inakotaka.

Sajini alinijia taratibu. Sikujua kwamba ana sauti ya chini. "Fundi, sasa ndiyo unaona ninachokwambia tangu Machi. Karatasi ipo. Jana ilikuwepo na kesho itakuwepo. Wewe shika kilicho mkononi."

Tarehe 27 Aprili

Alama: 166. Mvua.

Tarehe 1 Mei

Alama: 171. Sichungulii tena. Kinyonga anajaza, navuta, tik au paa, vyote sawa kwangu.

Tarehe 4 Mei

Mchujo. Daktari wa meno 171, mimi 175.

Nimeandika hivyo kwa herufi ndogo makusudi, ili mke wangu azione. Daktari wa meno alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema lenzi zangu zimemsaliti yeye, zikanipendelea mimi. Ni mtu mwema sana. Naona aibu nilivyomwandika humu. Nikamwahidi kumkaza skrubu za fremu yake, maana zimelegea.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Mmetoboa?"

"Tumetoboa."

Alitukumbatia wote wawili kwa pamoja, vichwa vyetu vikagongana.

Tarehe 11 Mei

Alama: 176. Mvua imepungua. Kinyonga 190. Begi lake la safari limeshatolewa juu ya kabati, limewekwa ukumbini likiwa wazi. Nalizunguka.

Tarehe 18 Mei

Alama: 174. Kuna nguo ndani ya begi sasa.

Tarehe 25 Mei

Nitaandika taratibu ili nisiache kitu.

Jozi kumi na mbili. Uwanja wa wenyeji ni ghala refu la bati, na mvua ilikuwa inapiga juu yake kwa mara za mwisho mwisho. Tulipangwa vibanda jirani, mimi cha saba, yeye cha nane. Kila mtu karatasi mbili, risasi kumi kila karatasi. Mke wangu alikaa nyuma kwenye benchi, amevaa vizuia kelele vikubwa vyekundu, na mkononi kitabu ambacho hakukifungua.

Karatasi ya kwanza mimi 88, Kinyonga 96. Sajini alipita nyuma yetu akanong'ona kwamba tuko wa pili. Kunong'ona kwake kulisikika mpaka kibanda cha kumi na mbili.

Karatasi ya pili nilikuwa kama sipo. Pumzi, kijino, pengo, vuta. Baada ya kila risasi naweka bastola mezani, natazama kwenye darubini iliyosimama kibandani, naona tundu jipya, naliandika kichwani. Tisa, nane, tisa, tisa, nane. Kumi sikupata hata moja, ila sikutoka nje ya nane. Risasi ya mwisho nilisimama nayo muda mrefu. Nikashusha mkono. Nikapumua. Nikapandisha tena. Ilipolia sikuitegemea, na kwenye darubini nikaona tisa, chini kidogo kushoto. Nilimaliza. 87. Jumla 175.

Nikaweka bastola chini, nikasimama wima. Nikasikia kibanda cha nane kikilia mara moja. Hiyo ilikuwa ya mwisho ya Kinyonga. Nikainama kwenye darubini kutazama kazi yangu mara moja zaidi, nikaona jambo lisilowezekana. Katikati kabisa ya duara langu palikuwa na tundu. Kumi safi. Nikahesabu. Matundu yalikuwa kumi na moja.

Nilielewa kabla ya mwamuzi. Kinyonga, ambaye hajawahi kuharakisha hata kikombe cha chai, alikuwa amepiga karatasi ya jirani. Ni kosa la wanaoanza, Sajini hutukana akilisimulia. Karatasi yake ilikuwa na matundu tisa. Risasi iliyokwenda kwangu wakaihesabu sufuri, na mimi haikunifaa kitu. Kutoka nafasi ya pili tukaporomoka mpaka ya sita.

Nilidhani atakasirika. Alikuwa amesimama na vizuia kelele shingoni, machozi yanamtiririka bila sauti, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo.

"Mwanangu, ni mchezo tu. Ni kutoboa karatasi, muulize mama yako."

"Sikutazama karatasi ni ya nani," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Ulishusha mkono, nikajua umefika ya mwisho, nikataka kuiona. Baada ya hapo nikapandisha bastola, akili ikabaki kwako, mkono ukaenda kwenye karatasi yako. Nilikuwa nawaza sitakuona tena ukisimama hivyo. Ukitoa ulimi."

"Natoa ulimi?"

"Tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu."

Mke wangu alishafika. Alimvua vizuia kelele taratibu, akamfuta uso kwa mtandio wake. Nami nililia pia, na sioni sababu ya kuandika kwamba ilikuwa mvua. Msimu mzima nilikuwa nimejiambia kwamba mimi ndiye ninayehesabu siku, na kwamba yeye amejaa safari tu, begi na chuo. Kumbe tulikuwa tunahesabu wote wawili, kila mmoja kibandani kwake.

Sajini alikuja na uso wa kuua. Akamtazama Kinyonga, akanitazama, akakohoa. "Ilikuwa kumi lakini," akasema, akaenda zake.

Tarehe 26 Mei

Jua. Nimefua shati la mashindano.

Tarehe 2 Juni

Ameondoka saa mbili asubuhi. Kituoni alinipa orodha ya mazoezi, kurasa mbili, kwa mwandiko wa herufi kubwa ili nisihitaji miwani. Sijaweza kuandika zaidi ya hapa.

Tarehe 8 Juni

Jumamosi. Hali ya hewa: jua.

Sikutaka kwenda. Mke wangu akaniuliza, "Nani anakujazia magazini siku hizi?" Nikamwambia hakuna. Akaenda kuchukua mkoba wake.

Sajini alimfundisha kwa heshima ambayo sisi wengine hatujawahi kuiona. Mke wangu akanipa mgongo, akajaza kwa umakini wa mtu anayepanga vitabu rafuni. Nikasimama. Kijino, pengo, ukungu. Tik. Sikutikisika. Tik. Tik. Tik. Ya tano nilikuwa na hakika kwamba hii lazima italia, nikavuta polepole sana. Tik.

Nikageuka. "Hukuweka hata moja?"

"Sikuweka." Alikuwa amevivaa vile vizuia kelele vyekundu, kwa hiyo alikuwa anasema kwa sauti kubwa, yeye mkutubi. "Nilitaka kukuona ukisimama. Mwanao aliniambia niangalie ulimi."

Tukirudi tulipitia dukani. Ile karatasi ya pili waamuzi walinipa niichukue, na leo nimeitia kwenye fremu, nikaitundika juu ya kiti cha kupimia, pembeni ya ubao wa herufi. Wateja watauliza, najua. Kumi kati ya matundu hayo ni yangu, yamezunguka pembeni, hayajambo. Lile la katikati ni la binti yangu.